Ayeeyo Anakusalimia Sana

Enzi zetu barua ilikuwa na adabu zake. Hukuanza tu kama hawa watoto wa siku hizi, anayekuandikia "niaje" halafu anaomba bando. Unatoa salaam aleikum kwanza, unasema sisi huku tu wazima wa afya, wasiwasi ni kwako wewe uliye mbali na upeo wa macho yetu. Halafu unapanga salamu za watu wa nyumba, mkubwa hadi mdogo, hata mbuzi aliyepata nafuu anatajwa. Ukiruka jina la mtu, umeanzisha ugomvi. Na kwetu Bulla Pesa, mwandishi wa nyumba nilikuwa mimi, Habiba, darasa la tano, mwandiko mzuri kuliko wa wavulana wote wa mtaa. Sijisifu, ni ukweli.

Nakumbuka siku ya kuchagua makurutu pale uwanjani. Nusu ya Isiolo ilikuja kutazama. Vijana walifika na malori kutoka Garbatulla, wengine walitembea kutoka Kipsing na viatu mkononi ili visiishe. Sisi watoto tulipanda ukuta, tukala ndizi za Rapsu na kumcheka kila aliyeanguka kwenye changarawe. Kaka yangu Abdulahi alikimbia pekupeku. Akaangaliwa meno, macho na nyayo, na jioni akarudi nyumbani akipunga mkono ulioandikwa namba kwa kalamu ya wino. Hooyo, ndivyo tunavyomwita mama, alipiga vigelegele hadi majirani wakadhani tumeoza binti. Aabo, baba yetu, dereva wa lori la ng'ombe, aliitazama ile namba akageuka. Babu yake alikuwa askari wa Mwingereza, akapewa makazi hapa baada ya vita, na ndiyo sababu tuko Isiolo mpaka leo, lakini tangu babu huyo hakuna mtu wa nyumba yetu aliyevaa gwanda. Aabo alichukua kofia yake akaenda msikitini kabla hata ya adhana.

Aliyeumia ni Ayeeyo, nyanya yetu. Abdulahi alilelewa na yeye. Alilala kitandani kwake mpaka akabaleghe, akala anjera kutoka kwenye sahani yake, na Ayeeyo akimwita "mume wangu" mbele ya watu, kijana anaona haya mpaka masikio. Siku mbili nzima alikaa jikoni akimtengenezea nyirinyiri, ile nyama inayokatwa vipande vidogo, ikakaangwa mpaka ikakauka, ikalazwa ndani ya samli. Harufu yake ilifika hadi madrasa. Alipoambiwa kurutu haruhusiwi kubeba chakula, alikasirika kweli. "Serikali gani hiyo inakataza nyama?"

Abdulahi akaenda bila nyirinyiri. Mwezi wa kwanza, kimya. Mwezi wa pili ikaja barua fupi kutoka kambi ya mafunzo kule Eldoret, ikisema tu baridi ni kali na anatusalimia wote. Mwezi wa tatu, siku ya Jumanne, Ayeeyo alimaliza swala ya adhuhuri, akalala kwenye mkeka, hakuamka. Alizikwa kabla ya alasiri.

Matanga hayajaisha, Aabo akatuita sote chumbani akafunga mlango. "Abdulahi asijue. Mpaka amalize." Sote tulijua kwa nini. Mtaa wa pili kulikuwa na kijana, kurutu, aliyesikia babake amefariki, hakuomba ruhusa, akaruka ua wa kambi akaja kuzika. Askari walimchukua makaburini na udongo bado uko mikononi. Miaka ilipita, watu bado walimwita "mtoro" hata akiwa amesimama safu ya mbele msikitini. Aabo alimwogopea Abdulahi jina hilo kuliko alivyoogopa risasi. "Huyu anampenda nyanya yake," akasema. "Akisikia, ataruka."

Kwa hiyo nililetewa karatasi na kalamu. Aabo akatamka, mimi nikaandika. Sisi huku wazima. Mvua imenyesha. Hooyo anakusalimia. Alipofika kwa Ayeeyo alikohoa, akasema, "Andika. Ayeeyo anakusalimia sana." Hooyo aligeukia ukutani. Mimi niliandika huku nimeinamisha kichwa, Aabo akailamba bahasha mwenyewe, akaipeleka posta.

Sasa sikilizeni kosa langu. Tangu siku ya mazishi, kwetu hakuna aliyeruhusiwa kulitaja jina la Ayeeyo bila kumwombea. Ukisahau, Hooyo anakukazia macho mpaka umalize. Ulimi ukazoea, na kumbe mkono pia ulikuwa umezoea. Ijumaa nikiwa madrasa, maalim akamtaja mwalimu wake wa zamani, akasema "Mungu amrehemu," na palepale nikaiona karatasi yangu mbele ya macho, kila herufi: *Ayeeyo, Mungu amrehemu, anakusalimia sana.*

Wallahi nilisahau hata aya niliyokuwa nikiisoma. Maalim aliniuliza kama nina malaria.

Sikumwambia mtu. Ningemwambia nani? Nilikuwa na miaka kumi na moja na nilijua kaka yangu ataruka ua, atakamatwa, atakuwa mtoro, na ni mimi niliyemfanya hivyo kwa ule mwandiko wangu mzuri. Tukicheza kati, ule mchezo wa kukwepa mpira, nilipigwa kila mara, wenzangu wakakataa kunichagua. Gari likisimama karibu na geti nilijificha nyuma ya tangi la maji. Hooyo alidhani ninamlilia Ayeeyo, akanipa maziwa ya ngamia asubuhi na jioni, nami nikayanywa kwa aibu. Aabo alikuwa na msemo wake, "Mjukuu wa askari halii mpaka kazi iishe," na kila aliposema niliona kama ananitazama mimi.

Wiki tano. Halafu barua ikaja, na kwa kuwa msomaji wa nyumba pia nilikuwa mimi, nikasimama katikati ya chumba nikaifungua. Abdulahi aliandika kwamba yu mzima, kwamba amepata nafuu ya kikohozi. Nikasoma mpaka mwisho. "Msalimieni Ayeeyo. Mwambieni nyirinyiri yake naikumbuka."

Hooyo alilia kwa kwikwi. Aabo akasema, "Alhamdulillahi, hajui." Mimi nikairudia ile mistari ya mwisho kimoyomoyo. Hakuona! Amesoma haraka haraka kama kawaida yake, hakuona. Usiniulize nilivyofurahi.

Siku ya gwaride la kufuzu tulienda Eldoret na lori la Aabo. Aliliosha siku mbili kwa sabuni ya unga, lakini harufu ya ng'ombe hiyo ni ya milele. Njia nzima alirudia maneno: "Mimi ndiye nitamwambia. Baada ya chakula. Asile akilia." Hooyo alibeba bakuli la nyirinyiri mapajani, ameipika mwenyewe, na hakuna aliyemwambia kwamba haikuwa sawa na ile nyingine.

Gwarideni hatukumtambua. Wote walikuwa wamenyolewa, wamekonda, wanapiga mguu chini kama mtu mmoja. Tulimjua tu jina lake lilipoitwa kupokea kombe la mbio, mkimbiaji bora kuliko makurutu wote. Aabo alipiga kelele mpaka akakatazwa. Halafu wazazi wakaruhusiwa kuingia uwanjani, na Abdulahi akaja kwetu kwa hatua za kijeshi, akampigia Aabo saluti. Aabo alifungua mdomo kusema yale aliyoyarudia tangu Isiolo. Abdulahi akamtangulia. Aliweka kombe chini, akainua viganja.

"Aabo, kwanza tumwombee Ayeeyo dua."

Hooyo alilikumbatia lile bakuli. "Nani alikwambia?" Aabo akauliza, na sauti yake haikuwa nzuri. Abdulahi alinitazama mimi mara moja, si kwa muda mrefu.

"Niliota," akasema. "Alikuja kuniaga."

Aabo alilia mbele ya jeshi zima, na sikuwahi kumwona akilia kabla ya hapo. Tangu siku hiyo mpaka alipotutoka, alisimulia ile ndoto katika kila soko la mifugo aliloshusha ng'ombe. Mimi nilinyamaza miaka yote.

Mwezi uliopita mwanangu Liban naye alienda kuwa kurutu. Abdulahi, ambaye sasa amestaafu na analima vitunguu Rapsu, alikuja kunifariji, na hapo ndipo nikamuuliza kama aliyaona yale maneno kwenye barua. Alicheka. "Nilisoma mara moja tu, nikajua. Nikaificha ndani ya kiatu. Lakini utalia wapi, Habiba? Bwenini mko thelathini. Nikaanza kuomba mbio za ziada kwa afande. Ukikimbia uso unalowa wote, hakuna anayekuuliza kitu. Akadhani nina bidii. Ndiyo nikapewa kombe." Akacheka tena. Mimi sikuweza.

Siku hizi mambo ni mepesi. Shangazi yetu alipofariki, habari ilikuwa kwenye grupu ya ukoo kabla mwili haujaoshwa, na vijana wakajibu kwa kikatuni kinacholia, wakarudi kwenye mpira wao. Hakuna anayemficha mwenzake kitu, na pengine ni afadhali. Makurutu nao wanapewa simu dakika chache Jumapili, jambo ambalo Hooyo angelipia kwa ng'ombe mzima. Lakini sisi tulidanganyana kwa mapenzi, huku na kule, kila mmoja akimbebea mwenzake mzigo, na nakiri ninazikumbuka zile barua za uongo kuliko jumbe zote zilizo kwenye simu yangu.

Jumapili iliyopita Liban alipiga. Nikamuuliza kama kuna jambo linamsumbua.

"Hapana, Hooyo, niko fiti kabisa," akajibu, upesi mno. Akauliza nani anatumia chaja yake. Halafu, kabla simu haijakatika, akasema kwa fahari, "Afande anasema kwa mbio hakuna anayenipata."

Mama mwingine angepiga vigelegele. Mimi nilibaki nimeshika simu mkononi, nikijiuliza mwanangu anakimbia nini.