Leteni Nguo, Musizifue

Mimi ndiye niliyepita sokoni Rumonge na megafoni, kwa hiyo nisimsingizie mtu. Siku mbili nzima nilizunguka, kutoka kwenye meza za ndagala, wale dagaa wetu, hadi kwenye mapipa ya mawese, napiga kelele: "Leteni nguo moja ya mutu wenu aliyeenda na hajarudi! Moja tu! Musiifue!" Aliyenituma ni binti mmoja wa Bujumbura, msanii, amesoma Ulaya. Alikuwa anatayarisha onyesho katika depo ya zamani ya mawese, ile ambayo ziwa limeshafika ukutani kwake, na alitaka watu wa hapa wachangie. Aliliita performansi. Nikamuuliza, ni mchezo? Akasema hapana. Ni kilio? Akasema si kilio pia. Basi nikachukua megafoni, maana mimi ni fundi cherehani, mambo ya Ulaya nitayajulia wapi.

Watu wetu wakisikia megafoni wanajua jambo moja: kuna kuandikishwa. Tangu ziwa lipande na kumeza nyumba za chini, kila anayekuja na gari na kalamu anaandika majina, kisha inakuja shitingi ya kuezekea, au sabuni, au hakiji kitu. "Mama, iko nini watagawa?" waliniuliza. "Hawagawi! Munaleta ninyi!" Muuza mawese mmoja alishika kiuno akacheka mpaka kitambaa kikamdondoka kichwani. "Eeh! Hawa sasa wamezidi, mpaka wanakuja kuomba kwetu."

Hata hivyo walileta. Ukitaka kujua Rumonge ina watu wangapi walioenda bila kurudi, waombe watu nguo. Suruali, kitenge, koti la shule, kanzu ya babu wa mtu. Vita, ziwa, Kongo, wengine haijulikani hata walielekea wapi. Na zote, wallahi zote, zilikuja zimefuliwa, zimepigwa pasi, zimekunjwa ndani ya mfuko mpya. Nani atatoa nguo chafu mbele ya wageni? Binti wa watu alizinusa moja moja huku uso unamshuka. Alisema alitaka mtu aingie mle gizani akutane na harufu ya mtu asiyekuwapo. "Hakuna hata moja, mama?" Nikaguna tu. Moyoni nilisema, wewe mtoto, kwenu nani alikufundisha kunusa makwapa ya watu?

Nguo moja tu nilijua haijafuliwa, nayo ilikuwa bado kwa jirani yangu, mwanamke mwenzangu. Sisi wote tunamwita Mwalimu, kwa sababu alifundisha miaka mingi kambini Tanzania kabla ya kurudi. Kiswahili chake kimenyooka, na akikusikia unasema "mutoto" anakusahihisha hapohapo, hata kama umekuja kumpa habari ya msiba. Watu wanamcheka kwa hilo. Mimi nilimcheka pia, na nilimpenda.

Mwanawe wa pekee alikwenda kuvua ndagala miaka sita iliyopita. Upepo ukawakamata, wenzake wawili wakaogelea wakatoka upande wa Kigwena, yeye hapana. Mwili haukuonekana. Mwaka uliofuata mchuuzi mmoja alisema amemwona ng'ambo, Kongo, amenenepa, anauza viatu. Maneno ya mchuuzi! Lakini Mwalimu aliyashika. Hakuweka matanga. Kwetu, Mwislamu au Mkristo, siku ya kumaliza matanga nguo za marehemu zinafuliwa na kugawiwa, na hapo mambo yamekwisha. Yeye shati la mwisho alilovua mwanawe alilifunga ndani ya mfuko wa plastiki, na kila Jumapili akitoka kanisani anafungua kidogo, ananusa, anafunga. "Nafungua mara moja tu kwa juma," aliniambia. "Harufu inapungua, dada."

Mimi ndiye niliyemshawishi alitoe. Binti alisema onyesho litavuka mpaka ng'ambo, nami nikambebea Mwalimu habari hiyo mbiombio: labda kuna atakayelijua lile shati. Lilikuwa la mistari ya buluu, vifungo vya buluu, isipokuwa cha tatu, cheupe. Hicho cheupe nilikishona mimi mwenyewe, kijana amesimama mlangoni ananiharakisha.

Alikuja nalo amelikumbatia. "Dada, litarudi kama lilivyo?"

"Kama lilivyo, Mwalimu. Wallahi."

Nimeapa. Naomba hilo likumbukwe.

Asubuhi ya onyesho nilipanga nguo zote juu ya meza yangu ya kukatia, nikafungua ule mfuko. Jasho, moshi, samaki, ukungu. Kola nyeusi. Pembeni yake kanzu ya babu wa mtu inameta kwa pasi. Nikawaona akilini wageni kutoka Bujumbura wakiziba pua, nikawasikia wanawake wa sokoni: kumbe ndiye huyu anatusahihisha Kiswahili, na kufua hajui! Aibu ilinishika kwa niaba yake. Tena niseme ukweli wote, ilinishika kwa niaba yangu pia, maana mimi nguo haijawahi kutoka mikononi mwangu bila pasi, na mji mzima unajua ile mikunjo yangu miwili ya pasi kwenye mkono wa shati. Kanuni ya binti nilikuwa naijua, nimeitangaza kwa mdomo wangu. Habari ya Jumapili nilikuwa naijua. Nilijua yote, na bado nikateka maji.

Nililifua kwa sabuni ya mawese, mara mbili. Maji yalitoka ya kahawia, nikayamwaga mferejini. Nilitia pasi ya makaa huku naimba. Nilidhani atanishukuru, Mungu wangu.

Saa tisa depo ilijaa. Madirisha yamezibwa, nguo zimening'inizwa kwenye kamba, taa moja tu. Kila aliyeleta nguo aliitwa aitafute, aiweke usoni, aseme neno moja analotaka, basi. Wengine walisema jina. Mzee mmoja alisema "njaa". Mwalimu alikuwa wa mwisho, amevaa gauni lake la kanisani. Alipita mbele ya shati lake akaenda zake. Akarudi, akalipita tena. Hakulitambua. Mara ya tatu alikiona kile kifungo cheupe.

Alilishusha kwenye kamba akaliweka usoni. Akalitoa, akaliangalia, akaliweka tena. Akanusa kola. Akageuza, akanusa kwapa, kule na huku, kwa haraka, mpaka shati likajikunja lote mikononi mwake. Mimi nilikuwa nimesimama hatua nne kutoka kwake.

"Nani amemzika mwanangu?" aliuliza.

Hakupiga kelele. Aliuliza kama anayeuliza darasani nani amevunja chaki. Kisha macho yake yakashuka kwenye mkono wa shati, kwenye mikunjo miwili, yakapanda mpaka kwangu.

Na watu wakapiga makofi. Wallahi, wakapiga makofi. Simu zikanyanyuliwa, binti analia kwa furaha, mgeni mmoja akasema kwa Kifaransa kwamba huyu mama ana kipaji. Nilitaka kuwatukana wote, wazazi wao pamoja, lakini ningewatukana kwa mdomo upi? Mwalimu alilikunja shati vizuri, kama wanavyolikunja dukani, akapita katikati yao akatoka.

Juma lililofuata aliweka matanga. Miaka sita, na sasa ndiyo anakalisha watu chini. Nilikwenda, nikapika, nikaosha masufuria, na hakuna aliyenifukuza. Nilimwambia, "Mwalimu, ni mimi." Akajibu, "Najua, dada. Ongeza chumvi kwenye maharage." Nilitamani anitukane. Nilisema "mutoto" makusudi, mara tatu, mbele yake. Hakunisahihisha.

Binti alipiga simu toka Bujumbura. Alisema onyesho linavuka mwezi ujao, na je, yule mama anaweza kukubali kuja kurudia yale maneno? Nilimkatia. Yeye hakuwa na kosa, nguo alisema zisifuliwe.

Siku ya kumaliza matanga Mwalimu alikuja mpaka kwenye cherehani yangu, akaliweka shati juu ya meza.

"Limeshafuliwa," alisema. "Mtafutie mtu wa kulivaa."

Vijana wa kimo kile wanapita mbele ya mlango wangu kutwa nzima. Sijampa hata mmoja. Nimelitia kwenye mfuko wa plastiki, nimelifunga, liko sandukuni chini ya vitambaa. Kila Ijumaa nikitoka kuswali nafungua kidogo, nanusa. Linanuka sabuni.