Sauti Iliyonifuata Kushuka Jebel Kujur

Kisa hiki nimekiandika mara tatu nikakifuta. Kila nikifika mwisho nasikia mtu akicheka: huyu mwalimu jua la Juba limemwingia kichwani. Cheka ukitaka. Mimi nilikuwepo, na kovu la goti langu lipo, njoo uliangalie.

Mimi ni Mkenya, nimemaliza chuo si zamani, nafundisha jiografia katika shule moja hapa mjini. Nakaa mtaa wa Hai Cinema, chumba kimoja na Kibet, mpishi wa hoteli, rafiki yangu tangu sekondari. Kibet ana pumu. Kila Jumamosi tulikuwa tukipanda mlima wa Jebel Kujur na vijana wengine wanne wa kwetu, maana kando ya mto kila kivuli kina kiti cha kulipia, na mtu akishinda chumbani atawaza mpaka augue. Mimi hasa.

Tulikuwa na desturi moja. Mnapanda wawili wawili, na kila mtu anabeba vitu vya mwenzake: maji yake, dawa yake kama anayo. Hivyo hakuna atakayemwacha mwenzake. Wakati wa kushuka, wa mbele akikanyaga jiwe lililolegea anaita, "Jiwe!" Wa nyuma anajibu, "Nimeona!" Macho yanabaki miguuni, mwenzako unamjua kwa sauti.

Unaona kosa liko wapi? Sisi hatukuliona.

Siku ya kisa hiki, saa kumi alasiri, wenzetu wanne walitangulia kushuka. Kibet alibaki ameketi kwenye mwamba kule juu, akipiga picha za mto.

"Mwalimu, wewe anza, nafunga kamba ya kiatu. Ama unaogopa kujikwaa bila mimi?"

"Naogopa utaniangukia na hicho kitambi."

Akacheka. Nikaanza kushuka. Dawa yake ya kuvuta ilikuwa ndani ya begi langu.

"Jiwe!"

"Nimeona!"

Ilikuwa sauti ya Kibet. Niamini, nimelala chumba kimoja na sauti hiyo miaka miwili. Nikaanza kumweleza wasiwasi wangu wa wiki nzima: mkuu wa shule alinisalimia bila kunitazama, je, mkataba wangu umekwisha? Kawaida Kibet hunikatiza, "Wacha kujitafutia presha." Safari hii hakunikatiza. Alijibu mawe tu. Nikadhani amechoka. Kisha nikadhani amekasirikia lile neno la kitambi. Niliwaza kila kitu isipokuwa jambo la maana: Kibet akishuka mlima kifua chake hulia kama birika jikoni. Nyuma yangu hapakuwa na pumzi yoyote.

Tulipokaribia chini, jiwe bapa likacheza chini ya kiatu changu. Nikafungua mdomo.

"Nimeona!" ikasema ile sauti. Nami sikuwa nimeita.

Wewe ungegeuka? Mimi sikugeuka. Nilikimbia, nikaanguka, goti likachanika, nikatokea mahali akina mama wanapoponda kokoto. Mmoja wao, mtu mzima, aliweka nyundo chini, akaniuliza kwa Kiswahili cha kuokota.

"Ya wele, kijana, wewe naongea na nani huko?"

"Na mwenzangu, mama. Yuko nyuma yangu."

"Nyuma hakuna mtu. Mimi naangalia wewe tangu pale kwa mti. Wewe iko peke yako." Hakuwa akitania. "Mwenzako wapi? Rudi! Rudi haraka!"

Nilipanda tena nikiita jina lake, bila kujali mawe. Nilimkuta palepale mwambani, midomo rangi ya majivu, akivuta hewa isiyoingia. Nikamwekea dawa mdomoni. Mara ya kwanza, ya pili, ya tatu, ndipo kifua kikafunguka kidogo. Alipopata nguvu ya kusema, alinisukuma.

"Kwa nini ulininyima dawa?"

"Mimi?"

"Ulikuwa umesimama hapa mgongoni kwangu. Kila nikikuomba unasema, 'Ngoja kidogo, nafungua begi.'"

Sasa imepita miezi minne. Kibet hajashikwa na pumu hata siku moja. Daktari anasema hali ya mtu hubadilika, na Mungu anajua nimejaribu kufurahi. Dawa yake iko dirishani, imeshika vumbi. Yeye naye ananichunguza. Nikitoka kuoga ataniuliza jina la mwalimu wetu wa hesabu wa kidato cha pili, eti amelisahau. Namtajia. Ananitazama kidogo, kisha anarudi kwenye simu yake, na naona kabisa hajaridhika.

Juzi alikuwa akikaanga samaki, amenipa mgongo. Kitambaa cha jikoni kilikuwa kimeanza kuteleza kuelekea moto. Nikafungua mdomo nimwonye.

"Nimeona," akasema.

Nami sikuwa nimetamka neno.

Wewe unayependa kupanda milima, au kutembea tu vichakani na rafiki, usitosheke na sauti. Simama. Geuka. Mshike mkono, usikilize anavyopumua. Fanya hivyo mkiwa bado juu. Ukishafika naye nyumbani, utamwuliza nani?