Njumu Kwenye Ukumbi wa Kanisa

Juzi nilimsindikiza binti yangu mazoezini, kwenye uwanja uleule wa Peckham, huku Uingereza, nilikochezea nikiwa mdogo. Siku hizi wameweka nyasi bandia na taa, na wasichana wana chumba chao cha kubadilishia nguo. Nilisimama pembeni, mara nikasikia harufu ya chai ya tangawizi. Hapakuwa na chai, rafiki yangu. Nilikuwa nimemkumbuka nyanya.

Miaka ile ya tisini, msichana akishamaliza shule ya msingi hakuruhusiwa tena kucheza na wavulana. Nilikuwa nimewapiga chenga za kutosha, nadhani walishukuru. Mwalimu wetu akatutafutia ligi ya wasichana, lakini mechi zilikuwa Jumapili, na Jumapili kwetu ilikuwa na mwenyewe. Ibada yetu ya Kiswahili ilianza mchana, Wazungu wakishatuachia ukumbi wao, nami nilikuwa kwenye kwaya ya watoto. Mama, muuguzi asiyecheka ovyo, alisema mara moja tu: "Siku utakosa kwaya juu ya mpira, hiyo mpira imeisha."

Nyanya, aliyekuja kutoka Kenya kutulea mama akiwa zamu, ndiye aliyejitolea kunipeleka. Alisimama kando ya mstari na leso begani, chupa ya chai mkononi, na mandazi aliyoyafunga kwa taulo la jikoni. Shabiki wetu alikuwa yeye peke yake. Sheria za mpira hakuzijua hata moja. Aliyeanguka alimpa pole, awe wetu au wao, na wakati wa mapumziko mandazi yalikuwa ya wote.

Jumapili moja refa alichelewa, maana mechi za wanaume zilitangulia daima. Tulipomaliza, basi lilikuwa linakuja. "Kimbia, mama, kimbia!" nyanya akaniita, na ndani ya basi akanifunga leso juu ya kaptura yenye matope. Viatu vyangu vya kanisani tulivisahau kwenye nyasi.

Kwaya ilikuwa imeshasimama. Nikapita katikati ya ukumbi, njumu zangu za mpira zikigonga sakafu ya mbao ko, ko, ko, na watu wote wakageuka. Mchungaji akajikohoza. Mama alinitazama mara moja, hakunitazama tena. Niliimba huku machozi yakinilenga, maana niliona mpira wangu umekwisha.

Nyumbani mama alizichukua njumu, akaenda nazo jikoni. Nilijua zinaenda kwenye pipa la taka. Nikachungulia. Alikuwa ametandika gazeti, bado yuko na nguo za kanisani, anachokonoa matope kwa kisu.

"Mlishinda?" akauliza bila kuinua macho.

"Tulifungwa."

"Hm. Jumapili ijayo chunga viatu vyako mwenyewe. Nyanyako amezeeka."

Nyanya, aliyekuwa akikanda unga pale pembeni, akaguna kwamba hajazeeka.

Leo timu ya taifa ya wanawake inajaza viwanja, na wavulana wanavaa jezi zenye majina ya wasichana. Nafurahi, tena sana. Lakini nyanya hayupo, na pale kando ya mstari kila mzazi yuko na simu yake.

Binti alipotoka uwanjani aliniuliza, kwa Kiingereza chake, kama enzi zetu tulikuwa na mashabiki. "Mmoja," nikamjibu. Nikazipokea njumu zake, nikazigeuza nizichokonoe matope. Hazikuwa na tope hata chembe.