Gemu Iliyolia Shimoni Macalder

Tulikuwa katikati ya maombi ya marehemu, marehemu akawasha gemu.

Soma tena hiyo sentensi. Mimi mwenyewe nimeirudia miaka mingi na bado hainikai kichwani.

Na usiniletee ile ya "ilikuwa usiku wa manane". Ilikuwa Jumamosi, saa nne asubuhi, mvua imekatika kidogo, matope yanafuka moshi kama chai. Kila mtu aliona kila mtu.

Wacha nianze mwanzo.

Desemba tisini na saba nilikuwa nimemaliza Form Four, nangoja matokeo. Nyumbani Migori mjini, mama alikuwa amechoka na mdomo wangu. Akanituma Macalder nimsaidie dada yake mdogo, anti Jedidah, aliyekuwa anapikia wachimba dhahabu.

Kazi zangu zilikuwa tatu: kuteka maji, kuosha sufuria, na kusumbua watu. Ya tatu hakuna aliyenituma, lakini ndiyo niliifanya kwa bidii.

Silaha yangu ilikuwa gemu ya briki. Dada yangu Moraa, mwalimu kule Homa Bay, ndiye aliyeninunulia.

Kama ulizaliwa juzi, ni kidude cha plastiki cha kushika mkononi, kioo cha kijivu. Vitofali vinaanguka kutoka juu, unavipanga mstari ujae, ufutike. Ukikosea vinarundikana mpaka juu. Hapo umekufa.

Ukikiwasha kinapiga kawimbo kafupi: tirilili! Kama ndege amemeza filimbi.

Hako kawimbo nilikatumia kwa dhambi. Kulikuwa na shimo la zamani pale kambini, liliachwa kabla sijazaliwa. Walisema lilianguka na watu, na hao watu hawakutolewa. Basi mimi najificha nyuma ya kifusi, msee akipita, tirilili! Anti Jedidah alimwaga sufuria nzima ya maharagwe kwa sababu yangu.

Beshte yangu pale alikuwa Werema, Mkuria wa Kehancha, mchimbaji, mabega kama mlango wa kanisa. Alama zangu kwa hiyo gemu zilimnyima raha.

"Okemwa, leo nakupita."

"Wewe? Hata ukikaa huko chini wiki nzima, hunifikii."

"Lete hiyo kitu."

Nikampa. Akaitia mfukoni, akashika kamba, akashuka.

Hiyo ilikuwa Januari, mwaka mpya umeanza lakini mvua ya El Nino imekataa kwenda kwao. Alhamisi, baada ya chakula cha mchana.

Saa tisa ardhi ikapiga mbweu.

Sijui niseme vipi tena. Haikuwa kishindo. Ilikuwa mbweu, kama mtu ameshiba. Wenzake wawili waliokuwa karibu na kamba walitoka na matope hadi kwenye meno.

Werema hakutoka.

Watu walichimba mpaka giza. Shimo likaporomoka tena, mmoja akavunjika mguu. Ijumaa ikanyesha kutwa. Mwenye shimo, mzee Oyaro, akasema basi.

Oyaro siku sita alikuwa tajiri wa shimo, ya saba mzee wa kanisa la Sabato. Si mtu mbaya. "Nimepoteza mmoja, sitapoteza watano," alisema, na sauti ilikuwa imekwaruzika kwa kulia.

Ujumbe ukatumwa Kehancha watu wa Werema waje. Na mwiko wa kambi yetu ulikuwa huu: shimo likimeza mtu haliguswi mpaka watu wake wafike na kondoo wa kulitakasa. Barabara zilikuwa zimekatika kwa maji. Watafika lini? Mungu ndiye dereva.

Siku hizo mbili sikutania mtu. Maneno yangu mwenyewe yalikuwa yananizunguka kichwani kama nzi. Hata ukikaa huko chini wiki nzima.

Sasa, Jumamosi.

Tumesimama kwa matope, watu kama thelathini. Oyaro ndani ya koti lake la kanisa, macho amefumba.

"Baba wa mbinguni, umpokee kijana wako Werema..."

Tirilili.

Haikutoka kwa shimo la Werema. Ilitoka kwa lile la zamani, hatua kumi pembeni.

Macho ya watu thelathini yakafunguka, yakanigeukia.

"Okemwa!" Anti Jedidah alinishika sikio mbele ya Mungu. "Hata leo? Hata kwa matanga?"

"Anti, si mimi! Haki si mimi!" Nikageuza mifuko nje. Nikavua shati nikalikung'uta. "Gemu iko na Werema! Alishuka nayo!"

Anti akalichukua shati, akalikung'uta tena.

Tirilili. Mara ya pili.

Maze, nimeona watu wakikimbia nyuki. Nimeona wakikimbia askari. Lakini waombolezaji wakimkimbia marehemu, hiyo niliona Macalder tu. Mama mmoja alimwita Mungu kwa yowe, "Yawa! Nyasaye!" akahepa na benchi limemnasa gauni.

Mimi nikajilaza kifudifudi kwenye mdomo wa shimo la zamani.

"Werema!"

Hakuna jibu. Hewa baridi tu ikinipanda usoni, kama mtu anapumua polepole.

Oyaro alikuwa amebaki. Biblia bado mkononi.

"Mzee, huyu yuko hai. Tuchimbe."

"Hiyo ni roho inaaga, kijana. Toka hapo."

"Roho gani! Nisikize, mzee. Zile gemu za kwanza, ukisahau kuzima zinakesha hivyo mpaka betri ife. Hizi zilizokuja baadaye zimefunzwa adabu. Usipozigusa zinajizima. Na hako kawimbo hakalii mpaka mtu abonyeze. Imelia mara mbili. Huko chini kuna kidole. Maiti haibonyezi."

"Na wale walioachwa humo zamani?" aliuliza kwa sauti ya chini. "Wao hawana vidole?"

Nikarudi kuchungulia mle gizani.

"Na leo ni Sabato," akaongeza, kama mtu anayetafuta mlango wa kutokea.

Anti Jedidah ndiye aliyemfungia huo mlango. Alirudi kutoka jikoni na sururu begani, kitambaa cha kanisa bado kichwani.

"Mzee Oyaro. Ng'ombe wako akitumbukia kisimani leo, utangoja jua litue?"

Akaitupa sururu miguuni pa mzee.

"Na huyu si ng'ombe. Huyu amekula ugali wangu mwaka mzima. Kama yuko hai, saa hii ana njaa. Mimi ndiye naijua njaa yake."

Oyaro alilitazama shimo. Akamtazama anti. Kisha akavua koti la kanisa, akalikunja vizuri, akaliweka juu ya Biblia.

"Kamba," akasema.

Tuliingia kupitia shimo la zamani, wanaume sita na mimi. Tuliegemeza kuta kwa mbao za vitanda. Anti Jedidah alivuta karai juu kama wanaume wawili. Kila tulipopotea, hatujui tuchimbe kulia au kushoto, kawimbo kalilia. Tirilili. Mtu anasema "huku", tunageuka.

Hakuna aliyekuwa anacheka. Hata mimi.

Saa kumi, mtarimbo ukapenya pahali patupu. Nikapanua tundu kwa mikono.

Mkono ukatoka gizani, ukanishika kifundo cha mguu.

Nilijikojolea. Naandika ukweli.

Werema alitoka mweupe kwa vumbi, midomo imepasuka, hawezi kusimama. Tulipomfikisha juu, anti Jedidah akamnywesha uji kwa kijiko, analia, anamtukana, analia tena. Akameza vijiko vitano hivi. Kisha akanitafuta kwa macho, akainua mkono, akanizaba kofi. Halikuwa na nguvu ya kuua mbu, lakini alikuwa amelikusudia.

"Mjinga wewe," akasema, sauti ya mchanga. "Nimelala, nimekubali kufa, wewe unakuja kunipigia muziki unicheke. Nikasema huyu Mkisii, wacha nimfuate nimpige kofi moja, ndipo nife."

Alikuwa ametambaa tangu asubuhi kwenye ufa ambao mbwa angeukataa, akifuata kawimbo.

"Kalikuwa mbele yangu tu. Nikikaribia, kanasogea."

Watu walicheka kwa furaha. Mimi sikucheka.

"Werema. Si wewe ulikuwa unaiwasha?"

"Niiwashe na nini?"

Akaingiza mkono mfukoni kwa shida, akanirudishia gemu yangu. Kioo kimepasuka. Nikaigeuza. Kifuniko cha nyuma hakipo. Mahali pa betri palijaa matope tu, yamekauka.

"Betri niliziweka kwa tochi Alhamisi ileile," akasema. "Tochi ikafa usiku huo."

Kicheko kilikatika chote kwa pamoja.

Oyaro alichukua koti lake, akalivaa, akafunga vifungo vyote. Akarudi pale alipokuwa amesimama asubuhi, safari hii amegeukia shimo la zamani, akamalizia maombi. Jina la Werema hakulitaja. Aliomba, "na hawa wengine ambao hatukuwatafuta." Tukasema amina, na wale waliokimbia wakiwa wamerudi.

Kawimbo hakakulia tena.

Werema yuko Kehancha, analima tumbaku. Hataki hata kuchimba shimo la choo, anaajiri mtu.

Gemu yenyewe siku hizi iko kwenye simu, imepakwa rangi, vitofali vinang'aa kama peremende. Wameigeuza mara nyingi lakini kawimbo wamekaacha vilevile. Watoto wa Moraa wakiiwasha, natoka nje naanza kuhesabu watu wa boma mmoja mmoja. Wananicheka. Wacheke, nawahesabu na wao.

Nimefikiria sana siku ile. Nilishinda mabishano kwa hoja nzuri, na hoja yenyewe ilikuwa uongo mtupu. Hakukuwa na kidole. Kama Oyaro angenidai ushahidi kwanza, kama angeniambia nithibitishe ni mtu, si roho, Werema angekuwa mifupa.

Kwa hivyo ndugu yangu, ukisikia mlio kutoka mahali mlipomwachia mtu, usianze kubishana ni nani analia. Chimba. Mkishamtoa mtu wenu, mtakuwa na maisha yote ya kubishana, na yeye mwenyewe atakuwepo awapinge.