Mpiga Kinanda Ambaye Hatukumtetea

Siku hizi mwimbaji wetu wa zamani akialikwa redioni, humtaja marehemu mpiga kinanda kama pacha wake wa muziki. Nimemsikia mara tatu, na mara zote tatu nimezima redio. Nilikuwepo, nikipiga gitaa la besi. Najua alivyomtendea pacha wake.

Tulikuwa vijana wanne wa Kigoma mjini tuliojiita bendi ya roki. Roki yenyewe tuliijua kwa kanda mbili zilizochakaa, na kwa makoti meusi ya mitumba tuliyovaa katika joto lile la ziwani kama wendawazimu. Mazoezi tulifanyia kwenye ghala tupu karibu na Katonga, kila mmoja amefungulia sauti hadi mwisho. Akina mama waliokuwa wakianika dagaa nje walituomba tunyamaze. Tukasema hawajui muziki. Kumbe wao ndio waliokuwa na masikio.

Alasiri moja akaingia kijana mrefu, shati limefungwa hadi kifungo cha juu. Alikuwa mkimbizi kutoka Burundi, akiishi Ujiji na dada yake mshonaji. Kwao alikuwa akipiga kinanda kanisani. Alisikiliza wimbo mzima kwa subira, kisha akasema, "Kazi nzuri, ndugu zangu. Naomba nijaribu kire kinanda."

Mwimbaji alicheka hadi akashika mbavu. "Kire kinanda! Jamani, mmemsikia?"

Mama yake mwimbaji huyo ni wa Simbo, na nyumbani kwao walizungumza Kiha kutwa nzima, lugha inayoelewana na Kirundi bila mkalimani. Lakini mbele yetu alijifanya mzaliwa wa Dar es Salaam.

Mgeni alikaa kwenye kinanda chetu, ambacho vitufe vitatu vilikuwa vimekufa, akapiga akivikwepa hata usingejua kama ni vibovu. Wiki iliyofuata alikuwa mwenzetu. Mimi aliniambia, "Wewe wa besi, punguza. Acha dramu itangulie." Mwimbaji naye akaambiwa, "Kaka, hapo usipige kelele. Sema tu maneno, watu watayasikia." Chini ya magitaa yetu aliweka sauti ndefu, za taratibu, kama za ibada. Ndani ya miezi michache watu walikuwa wakijaa ukumbini, na akina mama wa dagaa walisimama mlangoni kutusikiliza. Mwimbaji akaanza kutangaza kwamba mtindo ule ni wake.

Ndipo ikatoka amri kwamba wakimbizi wote wanaoishi nje ya kambi wapelekwe kambini. Askari walifika ghalani mchana, tukiwa mazoezini. Mkubwa wao alikuwa mpenzi wa bendi yetu. Akamuuliza mwimbaji kwa upole, "Huyu ni wenu?"

Mwimbaji akainama kuchezea waya wa kipaza sauti. "Anakujaga tu, afande. Hatumjui vizuri."

Mimi nilikuwa na ulimi mzima mdomoni. Sikuutumia. Marehemu alizima kinanda, akanigeukia. "Mwambie dada yangu."

Nikaenda Ujiji. Dada aliacha cherehani, akanisikiliza hadi mwisho. "Na nyinyi mlisema nini?" Nikatazama sakafu. Kesho yake alifunga mizigo, akapanda gari lililopita Kidahwe kuelekea kambini, kumfuata kaka yake.

Bendi ikarudia makelele yake. Masika yalipokolea tulipata habari kwamba malaria imemuua mpiga kinanda wetu kule kambini. Mwimbaji akaandaa onyesho la kumbukumbu, akatundika bango lenye picha kubwa. Picha ilikuwa yake mwenyewe. Ya marehemu hakuna aliyekuwa nayo.

"Nilimwokota kijana yule," alisema jukwaani, akijifuta jicho kavu. "Nikamfundisha roki."

Dada wa marehemu, aliyeomba kibali kambini ili ahudhurie, akasimama katikati ya ukumbi. "Kaka yangu alifundishwa na baba yetu. Wewe uliwaambia askari kwamba humjui."

Mwimbaji akampa mpiga dramu ishara aanze. Na mpumbavu yule akaanza.

Nikaweka gitaa chini, nikamfuata dada nje. Hadi leo wapo wanaonisifu kwa hilo, na sifa hizo nazidharau. Nilikuwa nimechelewa sana.

"Dada, nisamehe," nilimwambia.

"Nikikusamehe, utafanya nini?"

Akajifunga kitenge vizuri, akaenda zake. Sikurudi tena kwenye bendi.