Misufi Myekundu na Kichina cha Binti Yangu

Binti yangu alikufa akiwa na miaka ishirini na minne, na mimi nasema aliishi sana. Alizaliwa na selimundu. Nyumbani Morogoro jirani mmoja aliniambia bila haya, "Usijichoshe na ada, mama. Huyo hafiki darasa la saba." Alifika. Akamaliza kidato cha sita, akapata ufadhili wa kusomea uhandisi wa maji Guangzhou. Mimi ndiye niliyemfuata. Nilikuwa muuza nguo, nikaona kama mtoto yuko China, basi na mzigo nitaununulia China.

Yeye ndiye aliyekuwa mdomo wangu. Tukienda Xintang kuagiza jinzi, alisimama kati yangu na mwenye kiwanda, mwembamba kama unyasi, akibishana kwa Kichina mpaka mzee wa watu anacheka na kushusha bei. Tukirudi chumbani ananirudisha shule. "Sema tena, mama. Sauti ipande, usiishushe."

"Wewe si upo? Ya nini nijisumbue?"

"Siku moja sitakuwepo."

"Usiniletee uchuro," nilimkemea, lakini neno nikalirudia, sauti ikapanda.

Mwisho wa mwaka maumivu yalimkamata, na safari hii hayakumwachia. Tulimzika huku huku, wanafunzi wenzake wakibeba jeneza. Wiki chache baadaye korona ikaingia, ndege zikasimama, watu wakafungiwa ndani. Nikabaki peke yangu ghorofa ya kumi na moja, jirani na masoko ya Liuhua yaliyokuwa kimya, godoro lake nimelisimamisha ukutani.

Tuliporuhusiwa kutoka kidogo kidogo, nilitoka kwa sababu kile chumba kilikuwa kinanimaliza. Karibu palikuwa na bustani yenye ziwa. Siku ya kwanza nilitembea nikitazama viatu vyangu tu. Siku ya tatu kitu kizito kikaanguka mbele yangu, pu! Ua jekundu, nene, kubwa kama kiganja. Nikainua kichwa. Mti mzima ulikuwa umewaka, hauna hata jani moja. Nikaufahamu kwa shina lake: msufi, ila wa kwetu hautoi maua ya rangi ile.

Chini yake bibi mmoja alikuwa akiokota maua na kuyatia kwenye mfuko. Mjukuu wake akamwita, "Popo! Popo!" Kumbe kwa lugha ya Guangzhou ndivyo wanavyomwita bibi. Nilicheka kwa sauti, mara ya kwanza tangu mazishi. Yule bibi naye akacheka, bila kujua kisa. Akanionyesha kwa mikono: unayaanika, unayachemsha, unakunywa. Nikamwuliza jina la mti kwa Kichina changu kibovu. Akanijibu polepole, na nilipokosea akanisahihisha, kidole chake kikipanda hewani pale sauti inapopaswa kupanda.

Tangu hapo nilitembea kila asubuhi, na kila asubuhi nilirudi na jina moja jipya la Kichina. Yangeyange wanaosimama majini. Mwanzi. Mti ambao mizizi yake inaning'inia kama ndevu. Nililia pia, tena sana, upande wa ziwa usio na watu. Lakini kulia ukitembea si sawa na kulia umelala. Miguu inakutoa pale ulipo.

Asubuhi moja mlinzi wa lango akaniinulia mkono. Wakati ule sisi Waafrika tulikuwa tunaogopwa mitaani. "Haiwezekani," alisema kwa Kichina. Nilimwonyesha simu yenye alama ya kijani, ya kwamba sina korona, akatikisa kichwa. Nyuma yangu foleni ilikuwa inarefuka. Ningeweza kugeuka nikaenda zangu, na miezi michache kabla ningegeuka.

Nikamwambia, neno kwa neno, kwa Kichina, "Ninakaa mtaa huu. Nimepimwa mara tatu. Kila siku ninatembea hapa. Ile misufi ninaijua, na wale ndege ninawajua."

Akauliza, "Nani amekufundisha?"

"Binti yangu. Alisoma chuo kikuu hapa."

"Sasa yuko wapi?"

Neno la adabu la msiba sikulijua. Nilijua lile wanalotujibu sokoni bidhaa ikiwa imekwisha. "*Meiyou*," nikasema. Hayupo.

Alishusha mkono, akasogea pembeni, akaniinamishia kichwa kidogo. Niliingia nikiwa nimenyoosha mgongo. Moyoni nilikuwa nimevimba kwa fahari, na fahari ile niliigawa: nusu yangu, nusu ya mwanangu.

Ndege zilipoanza tena nilikwenda Morogoro kuwaona ndugu, kisha nikarudi. Leo wanawake wafanyabiashara kutoka Kongo na Kenya wananiomba niwapeleke viwandani, niwe mdomo wao. Juzi mwenye kiwanda kimoja, baada ya kubishana naye saa nzima kuhusu zipu, aliniuliza kama mimi ni mwalimu wa Kichina. Sikukana.