Sikio la Peiyin

Boksi lilikuwa jeusi, zito mkononi, na juu yake kulikuwa na maandishi ya dhahabu ambayo Peiyin, aliyelinunua dukani, hakuweza kuyasoma. Alishuka nalo mpaka kwa Ou, jirani yake anayeuza tambi za mchele chini ya jengo lao, akaliweka mezani kati ya bakuli.

"Nisomee hapa."

Ou alipangusa mikono kwenye aproni. "Hedifoni hizi zimeumbwa kwa kufuata sikio la Ruolan," akasoma, kisha akasita. "Ruolan si ndiye yule?"

"Ndiye."

"Lakini shoga, wewe uliniambia sikio ni lako."

"Hebu soma tena."

"Hata nikisoma mpaka jioni litabaki la Ruolan tu. Kaa chini, nikupe supu."

Peiyin hakukaa. Alipanda ngazi na boksi lake kwapani, akafunga mlango.

Sikio lilikuwa lake. Yeye na mumewe, Lu Dekuan, walishuka kutoka milima ya Guizhou wakapanga chumba hapa Chang'an, mjini Dongguan, wakaanza kuunda hedifoni za waya, zile za kuchomeka ndani kabisa ya sikio ambazo waimbaji huvaa jukwaani na wapenda muziki hununua kwa hamu. Dekuan aliunda ganda la kwanza kwa kufuata sikio lake mwenyewe, likaumiza watu. Akajaribu sikio la rafiki, nalo likaumiza. Ndipo alipomkalisha mkewe kwenye kiti na kumjaza masikioni silikoni, uji wa mpira unaoganda. Ganda lililotoka hapo liliingia kwa kila mtu aliyelijaribu, mnene na mwembamba, likatulia kama limezaliwa naye. "Mke wangu ana sikio la dunia nzima," Dekuan alikuwa akiwaambia wateja, na Peiyin aliinama kwenye kazi yake ili wasione anavyotabasamu.

Waya nao ulikuwa wake. Kwao, mwanamke husuka mshipi wa kumbebea mtoto wa kwanza mgongoni kabla hajajifungua. Peiyin alisuka wake mapema, na mtoto hakuja. Miaka ilipita, mshipi ukakaa sandukuni. Siku moja alichukua nyaya za shaba zilizovishwa plastiki nyembamba, akazisuka kwa mtindo uleule. Waya uliotoka ulikuwa laini, ukalala kifuani bila ubishi. Haukujisokota mfukoni, na ulipogusa shati, mvaaji hakusikia ile kwaru-kwaru inayoharibu wimbo. Maduka yakaanza kuuomba.

Kisha Ruolan akaajiriwa kupokea simu za wateja. Kisha Ruolan akawa na mimba. Karakana iliandikwa kwa jina la Dekuan, kwa kuwa yeye ndiye aliyejua kusoma, na Peiyin akatoka na sufuria zake na sanduku lake. Sasa alisukia nyaya karakana za watu wengine, peke yake, katika chumba ambacho dirisha lake linatazama ukuta wa jirani. Siku nyingine jua lilizama hajafungua mdomo.

Alizitoa zile hedifoni kwenye boksi, akazikagua kama anavyokagua kazi yoyote. Alipitisha ukucha kwenye ungio la ganda, ukakwama. Pini za waya ziliingia zikicheza. Sehemu ya waya inayopinda juu ya sikio ilikuwa ngumu, ikiruka nje kila ilipowekwa, na shaba ilikuwa imeanza kuota kutu ya kijani ndani ya plastiki kwa sababu aliyeifunga aliishika kwa mikono yenye jasho. Msuko ulikuwa wake, ila mtu aliuvuta mno upande mmoja.

Alizichomeka masikioni. Ziliuma.

Hilo lilimshangaza kuliko jina. Aliuma midomo, akazichomoa, akajishika sikio. Halafu akaelewa. Walikuwa wakitoa nakala juu ya nakala, kila mara umbo likisogea kidogo, mpaka lile sikio likawa si la mtu yeyote.

Kwa hiyo Dekuan alipopiga simu, Peiyin alijua anachotaka kabla hajamaliza kumsalimia.

"Yin, hujambo? Unakula vizuri?"

"Mzigo unarudishwa, eh?"

Dekuan alikohoa. "Umbo la awali limepasuka. Tulijaribu kwa Ruolan, halikukaa. Nataka nije nichukue umbo la sikio lako, ni dakika chache tu."

"Chukua. Lakini boksini liandikwe jina langu."

"Yin, hayo tutayaongea nikija."

"Hayo ndiyo yatakuja kwanza."

"Nikija," akasema Dekuan, akakata.

Ou alipoambiwa, aligonga meza kwa kijiko. "Asiguse hata unywele wako kabla hajaandika! Mwite mtu wa kuandika, nitakuwa shahidi."

"Ataandika," akasema Peiyin.

"Na hiyo blauzi umeipiga pasi kwa ajili ya nini?"

"Ilikuwa na mikunjo."

"Mikunjo yenyewe imekaa miaka minne, leo ndiyo umeiona," akasema Ou, na Peiyin akaondoka bila kucheka.

Dekuan alikuja mchana, amenenepa, na mkoba wa vifaa ukiwa uleule wa zamani. Peiyin alikuwa ameandaa samaki wa kuchachusha wa kwao, ambaye Chang'an hapatikani mpaka umtengeneze mwenyewe. Dekuan alinusa akasema, "Loo, samaki!" lakini hakukaa mezani. Alimvutia kiti karibu na dirisha, akamwangalia masikio kwa tochi, akasukuma kipande kidogo cha sifongo ndani ya kila sikio. Peiyin alikuwa hajaguswa na mtu tangu sijui lini.

"Jina," akasema.

"Sikiliza, Yin. Mteja anataka kuona msichana. Jina la mama mtu mzima haliuzi."

"Sikio la mama mtu mzima linauzwa, jina haliuzwi?"

"Tukimaliza tutaongea vizuri." Alikuwa tayari anakoroga silikoni. "Nimeshachanganya, itaganda. Shika hiki kwa meno."

Ni kipande cha mpira, hushikwa katikati ya meno ili taya lisisogee, kwa maana taya likisogea tundu la sikio hubadilika umbo na kazi yote huharibika. Peiyin alijua hivyo tangu mara ya kwanza. Aliangalia bomba la sindano mkononi mwa Dekuan, silikoni ikianza kuwa nzito. Akafungua mdomo, akaupokea mpira.

Silikoni iliingia baridi. Kelele za mtaa zikafifia, kisha chumba chote kikazimika. Alibaki na mapigo ya moyo wake tu. Mbele yake Dekuan alikaa kwenye ukingo wa kitanda, akatoa simu, akapiga. Alikuwa anacheka. Midomo yake iliunda jina, na Peiyin hakuhitaji masikio kulitambua.

Akatema ule mpira.

Sauti yake ilimvumia kichwani kama anayeongea ndani ya mtungi. Alisema waya ni wake na sikio ni lake. Alisema mshipi ule ulikuwa wa mtoto, na yeye Dekuan alijua, akaufanya mali ya duka. Alisema alimsubiri mwaka mzima wa kwanza, kila alipokanyaga mtu ngazini. Hilo hakuwa amepanga kulisema.

Dekuan aliweka simu chini. Uso ulimbadilika, ukalegea. Akaanza kuongea. Aliongea kwa muda, akitazama sakafu, kisha akimtazama yeye, na mara moja akajishika kifua. Kwa Peiyin yalikuwa mvumo wa mbali tu, kama redio ya nyumba ya tatu.

Alishika silikoni akaing'oa, upande huu na huu. Mtaa ukarudi kwa kishindo. Dekuan alikuwa amefunga mdomo.

"Umesema nini?"

"Nimesema umeharibu kazi."

"Hapana. Umesema mengi. Nimekuona."

"Ndiyo hayo tu, Yin." Alichukua kikopo kingine cha silikoni. "Kaa turudie, safari hii utulie."

"Rudia kwanza uliyosema. Ukiyarudia, nakupa sikio, andika jina la yeyote umtakaye."

Aliposema hivyo alijiona anavyoliacha lile alilolidai, na hakujali. Alimngoja. Dekuan alikigeuza kile kikopo mkononi, mara hivi, mara vile. Kisha akakirudisha mkobani. Aliokota zile silikoni zilizoharibika.

"Hizo hazifai," Peiyin akamwambia. "Zimetoka mdomo ukiwa wazi."

"Nitazichonga."

"Haya, wavalishe watu sikio la mwanamke anayelia."

Dekuan alisimama mlangoni kidogo. "Samaki ananukia vizuri," akasema, akashuka ngazi.

Peiyin alisafisha mafuta ya silikoni masikioni kwa ncha ya kitambaa. Baadaye alisogea kwenye kioo cha dirisha, akautazama mdomo wake, akaanza kuusogeza kama wa Dekuan ulivyosogea: kwanza ukiwa wazi, kisha wa mviringo, kisha meno yakigusa mdomo wa chini. Alijaribu kutia sauti. Likatoka neno, lakini halikuwa na maana. Akaanza tena, polepole zaidi.